Usagaji uhamie jikoni: chakula cha mwenye kisukari ambaye tumbo lake linachelewa

Dalili moja iangaliwe kabla ya nyingine zote: mgonjwa wa kisukari anatapika usiku, na kwenye matapishi kuna chakula cha mchana ambacho bado kinatambulika. Punje za mahindi ziko vilevile, maganda ya kunde yako vilevile, na yeye alikula masaa manane yaliyopita. Wengine hawatapiki. Wanashiba kwa vijiko vitano, tumbo la juu linajaa, wanacheua harufu ya mboga ya jana, wanapungua kilo bila kujua sababu. Na karibu kila mara nyumbani wanasema ni gesi au vidonda vya tumbo, mgonjwa anameza dawa za vidonda miezi sita, hakuna kinachobadilika.

Hali hii madaktari wanaiita gastroparesisi: tumbo la chakula linachelewa kumwaga ingawa njia haijaziba. Ukielewa tumbo linafanya kazi gani utaelewa pia kwa nini chakula kibadilike, kwa hiyo tuanzie hapo.

Sehemu ya juu ya tumbo inapokea na kutunza. Sehemu ya chini ni kinu: inaponda chakula na kukirudisha, inaponda na kukirudisha, mpaka chembe zibaki na ukubwa wa milimita 1 hadi 2. Hapo ndipo mlango wa kwenda kwenye utumbo mwembamba unaziruhusu zipite. Anayeendesha kinu hiki ni neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi tumboni, pamoja na mtandao wa neva ulio kwenye ukuta wa tumbo lenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, neva hizi zinaharibika kama zile za miguu zinavyoharibika hadi mtu akasikia ganzi. Kinu kinalegea. Vimiminika bado vinateremka kwa kiasi kizuri kwa sababu havihitaji kupondwa, lakini vyakula vigumu vinabaki vikisubiri.

Basi kazi ambayo tumbo limeshindwa ifanyike kabla chakula hakijamezwa. Kinu, chujio la chai, chekeche, uma, blenda kama ipo, na meno. Mwaka 2014 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio la wagonjwa 56 wa kisukari wanaotumia insulini wenye tatizo hili. Waliolishwa chakula cha chembe ndogo kwa wiki 20 walipungukiwa na kichefuchefu, kutapika na tumbo kujaa kuliko waliopewa lishe ya kawaida ya kisukari. Kipimo ni chepesi kwa jiko lolote: chakula kikipondeka chote kwa uma na kuwa kama kiazi kilichopondwa, kinafaa. Kikibaki na nyuzi, ganda au punje, bado.

Sasa shida ya hapa kwetu. Mgonjwa wa kisukari Dodoma amefundishwa kliniki, na amefundishwa vizuri, kwamba ale dona badala ya sembe, mboga za majani kwa wingi, kunde na choroko, matunda na maganda yake. Ushauri huo ni sahihi kwa mwenye tumbo zima, kwa sababu nyuzinyuzi zinazuia sukari isipande ghafla. Tumbo likishachelewa, ushauri uleule unamdhuru. Nyuzinyuzi ngumu ndizo kinu kilicholegea kinazoshindwa kabisa, na zikijikusanya zinaweza kufanya donge tumboni ambalo daktari atalazimika kulivunja kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera. Nimeona ni vema kulisema hili wazi, maana wagonjwa wengi wanaona aibu kula sembe mbele ya ndugu zao, wanadhani wanavunja masharti. Mwenye tumbo linalochelewa akila sembe laini kwa kipimo hajavunja sharti lolote.

Mlenda unahitaji maneno yake peke yake. Watu husema ni laini, unateleza, kwa hiyo mgonjwa apewe. Kuna mambo matatu hapa. Kwanza, ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na ukiwa mzito nao unapunguza mwendo wa tumbo. Pili, na hili ndilo kubwa, mlenda unafanya tonge la ugali lipite kooni bila kutafunwa. Mtu anameza matonge mazima ishirini, na kila tonge linafika kwenye kinu kisichosaga. Tatu, mlenda wa kwetu hutiwa karanga zilizotwangwa, na mafuta ya karanga yanachelewesha tumbo zaidi. Kama mzee hawezi kuishi bila mlenda, na tunajua wazee wa Kigogo wengi hawawezi, basi utokane na majani machanga au unga wa mlenda uliochekechwa, uwe mwepesi kiasi cha kumiminika, usizidi robo kikombe, karanga zisitiwe, na ugali uwe laini, utafunwe. Magadi yapunguzwe, hasa kwa mwenye presha au figo zilizoathirika, kwa sababu yana sodiamu nyingi.

Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa uachwe kwanza. Unga wa mtama uliokobolewa na kuchekechwa unafaa kwa uji. Makande ndicho chakula kibaya kuliko vyote kwa mgonjwa huyu: punje nzima za mahindi na maharage yenye maganda yake.

Uji wa kuanzia: unga wa mtama uliokobolewa au sembe vijiko vikubwa 3 vya kawaida, visijae kichuguu (gramu 25 hadi 30). Koroga kwenye maji baridi ml 100 usiache madonge, mimina kwenye maji ml 200 yanayochemka, pika moto mdogo dakika 15 ukikoroga. Chuja kwa chujio. Ongeza maziwa ml 150 yaliyochemshwa, yakapoa, yakaondolewa utando. Piga yai moja kwenye bakuli, ongeza uji wa moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, kisha rudisha vyote kwenye sufuria dakika 3 hadi yai liive. Ukimwaga yai moja kwa moja kwenye uji unaochemka litaganda vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo tunavyovikimbia. Uji wote huu una wanga takriban gramu 30 na protini takriban gramu 13; ukizidi kikombe kimoja na nusu, ugawe sehemu mbili. Sukari isitiwe; mdalasini au tangawizi kidogo inatosha.

Kwa aliyekonda kuna njia ya zamani inayotumika kwa watoto na inayomfaa sana mtu mzima huyu: kimea cha ulezi. Uji mzito una nguvu lakini haupiti. Uji mwepesi unapita lakini ni maji. Kimea kinavunja wanga na kuufanya uji mzito uwe mwepesi bila kupunguza unga wake. Pika unga vijiko vikubwa 5 kwenye maji ml 400 mpaka uwe mzito kabisa. Ondoa motoni, acha dakika 10 upoe kidogo, tia kijiko cha chai 1 cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika 10. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Kisha urudishe motoni uchemke dakika 5, kwa sababu kimea huota kwenye unyevu na vijidudu huota nacho. Kosa la kawaida ni kutia kimea uji ukiwa bado unatokota: joto linakiua na uji unabaki mzito kama ulivyokuwa. Kosa la pili ni kutumia kimea cha mtama kilichosagwa na machipukizi yake, ambayo yana sumu ya jamii ya sianidi. Tumia ulezi, na machipukizi yapukuswe yote baada ya kukauka. Uji wa namna hii unapandisha sukari haraka zaidi, kwa hiyo ugawe sehemu mbili, asubuhi na saa nne, na upime.

Kiasi cha kila mlo kisizidi kikombe kimoja hadi kimoja na nusu, vyote kwa pamoja, yaani ml 250 hadi 350. Milo iwe mitano au sita: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 alasiri, saa 1 jioni, na kama bado kuna nafasi, kikombe kidogo cha maziwa saa 3 usiku. Mlo wa asubuhi huwa unapita vizuri kuliko wa jioni. Wengi tumbo linajaa kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo chakula cha kutafuna kiliwe asubuhi na mchana, jioni iwe uji, mtori au supu. Mtori ni zawadi kwa wagonjwa hawa: ndizi zimeshapondeka zenyewe. Tumia nyama ya kusaga isiyo na mafuta badala ya mifupa yenye kano, na ukumbuke kuwa ndizi ni wanga, bakuli moja linahesabiwa kama ugali.

Protini isipotee kwa sababu nyama ni ngumu. Nyama choma, firigisi na kuku wa kienyeji wa Singida aliyekomaa havifai, hata vikitafunwa sana. Perege wa Mtera anafaa mno: mchemshe au mpike kwa mvuke na ndimu, toa ngozi na miiba, mponde kwa uma na mchuzi wake. Gramu 90 zilizoiva, kama kiganja bila vidole, zinampa protini takriban gramu 20 hadi 23. Kuku atumike wa kisasa, kifua, asagwe. Choroko na kunde vinarudi mezani kwa sharti moja: loweka usiku kucha, sugua kwa mikono maganda yaelee, yamwage, chemsha mpaka vilegee kabisa, ponda, pitisha kwenye chujio. Nusu kikombe kina protini gramu 7 hadi 8, na wanga takriban gramu 20 wa kuhesabu. Maziwa ya mgando yaliyopigwa laini yanakubalika na wengi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi chake cha protini.

Mafuta: kikomo cha kuanzia ni gramu 40 hivi kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina gramu 14. Ukimwaga mafuta kwenye sufuria bila kupima, kikomo kimeisha kabla ya mchuzi kuiva. Chipsi, sambusa, vitumbua na maandazi viachwe. Lakini mafuta yaliyo ndani ya kimiminika, kama maziwa, yanavumilika zaidi ya yale ya kukaanga. Kwa hiyo mtu anayepungua uzito asinyang'anywe maziwa kwa kuogopa mafuta.

Mboga: majani machanga ya mchicha bila vikonyo, yapikwe yalegee, yasagwe na kuchujwa. Boga lililopondwa na karoti iliyochemshwa ni bora. Mabua ya matembele, kabichi mbichi na mahindi ya kuchoma hapana. Matunda: papai bivu, tikiti, ndizi mbivu iliyopondwa, embe lisilo na nyuzi, kipande cha ujazo wa nusu kikombe. Chungwa na nyama zake ni miongoni mwa vitu vinavyotengeneza donge tumboni. Zabibu zetu zina ganda na mbegu, zimenywe na kutolewa mbegu au ziachwe. Juisi ya ubuyu ichujwe mara mbili, iwe nyepesi, bila sukari. Ikiwa nzito itachelewesha kama mlenda. Soda zinajaza gesi tumbo ambalo tayari limejaa, na pombe na sigara vinapunguza mwendo wake.

Maji yanywewe kidogo kidogo kati ya milo, na wakati wa kula mafunda machache tu. Joto na ukavu wa Dodoma vinamaliza maji mwilini haraka, basi chupa ikae karibu siku nzima. Baada ya kula mgonjwa akae wima saa moja hadi mbili, au atembee polepole dakika 15 kivulini. Asilale kabla ya masaa mawili au matatu. Anayecheua usiku inulieni kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hadi 20; mito peke yake inamkunja tumbo. Na meno: mwenye kisukari mara nyingi amepoteza magego, na asiye na magego hatafuni hata akikumbushwa. Hilo lishughulikiwe, au kila kitu kisagwe.

Sasa insulini, ambako uhai wa mtu uko hatarini. Sindano ya mchanganyiko wa 70/30 (insulini ya polepole asilimia 70 na ya haraka asilimia 30) kwa kawaida huchomwa nusu saa kabla ya kula, kwa hesabu kwamba chakula kitafika kwenye damu dawa inapoanza kazi. Tumbo likichelewa, dawa inafika peke yake. Mtu amekula kabisa, na baada ya saa moja jasho linamtoka, anatetemeka, sukari imeshuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L). Baada ya masaa manne au matano chakula kinafika, dawa imeisha nguvu, sukari ni 16. Daktari akiona 16 peke yake anaongeza dozi, na kesho mgonjwa anashuka zaidi. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Kwa siku 7 pima kabla ya mlo mkubwa, masaa mawili baada yake, na masaa manne hadi matano baada yake. Andika pia chakula, saa ya sindano na kama alitapika. Sukari inayoshuka mapema na kupanda kwa kuchelewa ni picha ya tumbo hili, na daktari akiiona anaweza kuhamisha sindano iwe baada ya kula, kuigawa au kubadilisha aina. Usibadilishe mwenyewe, na usiache kabisa insulini kwa sababu mtu hajala. Sukari ya juu nayo, kwa wakati huohuo, inapunguza mwendo wa tumbo. Kuishusha kwa utaratibu ni sehemu ya tiba.

Sukari ikishuka, mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari vilivyoyeyushwa kwenye nusu glasi ya maji. Biskuti, karanga, chokoleti na maziwa yenye mafuta havitafika kwa wakati. Pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4 rudia. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kuna dawa zinazochelewesha tumbo na mgonjwa hajui: tramadoli ya maumivu, amitriptilini inayotolewa kwa ganzi za miguu, dawa za msokoto wa tumbo za jamii ya haiosini, na sindano mpya za kisukari na kupunguza uzito kama semaglutidi. Mtu anaumwa tumbo, duka la dawa linampa ya msokoto, tumbo linazidi kusimama. Pelekeni dawa zote kliniki kwenye mfuko mmoja zionwe. Metoklopramidi, ambayo husaidia tumbo kusukuma, huandikwa na daktari na kwa kawaida haizidi wiki 12, kwa sababu inaweza kuacha mdomo na ulimi vikichezacheza bila hiari. Anayetumia metformini kwa miaka mingi apimwe vitamini B12.

Chakula chote hiki hakichukui nafasi ya vipimo. Endoskopi ifanyike ili kuondoa kidonda, uvimbe au kuziba kwa njia. Ikikuta chakula tumboni baada ya kufunga usiku kucha, hiyo ni ishara nzito. Kipimo kamili hufuatilia mlo uliowekwa mionzi hafifu, na ikiwa zaidi ya asilimia 10 bado iko tumboni baada ya masaa manne, jibu limepatikana.

Siku ya kutapika, mpe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, vijiko viwili kila dakika tano, na sukari ipimwe kila masaa mawili hadi manne. Nendeni hospitali siku hiyohiyo kama hata hivyo vijiko vinarudi, kama anapumua kwa kasi, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, anasinzia ovyo, matapishi yana damu au choo ni cheusi kama lami. Mpimeni uzito kila wiki, mzani uleule, asubuhi. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Akishatulia wiki mbili bila kutapika, vyakula virudi kimoja kimoja. Chagua kimoja, nusu ya kipimo cha kawaida, mchana wala si usiku, kisha subiri siku tatu kabla ya kujaribu kingine. Wengi tunashauri waanze na ugali laini wa sembe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, pamoja na mchuzi wa perege. Mlenda usubiri zamu yake mwishoni.